Ndege iliyo kwenye matengenezo si ndege mbovu

Juzi barazani mzee mmoja alitusomea kwenye simu yake habari ya ndege za kivita za Marekani aina ya F-35, kisha akafunga hoja: "Karibu nusu ya ndege zao ni mbovu, zipo kwenye matengenezo." Wote tukaitikia, na mimi nikiwemo, kwa heshima. Lakini neno lile, matengenezo, lilinikaa kooni mpaka nyumbani. Nimelisikia mara nyingi mno likitumiwa kama jina la pili la ubovu, na tunapozungumzia ndege za kivita kosa hilo linafuta kazi nzima ya mafundi wake.

Matengenezo ni kazi yote inayofanywa ili chombo kibaki katika hali yake: kukagua, kupima, kulainisha, kubadilisha kilichofikisha muda wake. Ukarabati ni kukirudisha kilichoharibika. Ukarabati unaweza kuingia ndani ya matengenezo, lakini matengenezo yanaweza kuanza na kwisha bila kitu hata kimoja kuwa kimevunjika.

Tulitazame neno lenyewe. Kutengeneza kumezaliwa na kutengenea, kitenzi ambacho leo hakisikiki sana ila kamusi za zamani zinacho, kwa maana ya kukaa sawa, kuwa katika mpangilio mzuri. Kama vile kuenea kunavyotupa kueneza, na kupotea kunavyotupa kupoteza, ndivyo kutengenea kunavyotupa kutengeneza: kukifanya kitu kitengenee. Ndugu yake tunaye kila siku midomoni. Mgonjwa akipata nafuu tunasema hali yake imetengemaa, na nchi ikitulia baada ya fujo tunasema imetengemaa vilevile. Hata tengenezo, umoja wa matengenezo, baadhi ya machapisho ya dini hulitumia kwa maana ya jumuiya iliyopangwa vizuri. Humo mote hakuna kuvunjika. Bibi harusi akienda saluni kutengeneza nywele, nani amewahi kumuuliza nywele zimeharibikaje?

Nadhani ubovu uliingia kwa mlango wa gereji. Wengi wetu tunampelekea fundi gari likishagoma, basi kazi ya fundi ikabeba sura ya gari lililogoma. Gari likizima njiani unalisukuma pembeni, unasubiri. Ndege ya kivita ikizima angani, rubani hana pembeni pa kuisukumia. Ndiyo maana kazi zake ngumu kabisa hufanywa wakati haijagoma bado.

Chukua kiti cha rubani, kile kinachomrusha nje ndege ikishindikana. Ndani yake mna baruti, na baruti hizo zina tarehe ya mwisho. Ikifika, fundi anakitoa kiti na kuzibadilisha, hata kama hakijawahi kutumika siku moja. Anafanya kazi huku pini za usalama zenye utepe mwekundu zikiwa mahali pake, na mkono wake uko sentimita chache kutoka kwenye kitu kilichoundwa kumtupa mtu mzima hewani. Mwaka 2011, katika kituo cha Scampton nchini Uingereza, kiti cha ndege ya Hawk ya kikosi cha maonyesho kilifyatuka ndege ikiwa chini, na mwavuli haukufunguka. Uchunguzi ulikuta nati moja ilikuwa imekazwa kupita kiasi; vipande vya chuma vilivyopaswa kuachiana vikabanana. Rubani alifariki. Hapakuwa na nati iliyovunjika wala iliyolegea. Ilikuwa nzima na imekaza, kuliko ilivyotakiwa.

Au chukua tangi la mafuta. Mafundi wa ndege kubwa za kivita kama F-15 huingia wenyewe ndani ya tangi, kupitia tundu linalolazimisha mabega yapishane, bega moja kwanza halafu la pili. Kabla ya hapo tangi limemwagwa, limepulizwa hewa, na mvuke uliobaki umepimwa. Nguo ni za pamba, kwa sababu vitambaa vingine huzaa cheche. Mdomoni kuna barakoa yenye hewa ya kutoka nje, na mwenzake amekaa kwenye tundu bila ruhusa ya kuondoka. Mle ndani anatafuta ufa kwenye gundi ya maungio kwa tochi na kioo kidogo. Na tone linaloonekana chini ya bawa halimwambii mengi, maana mafuta huingia mshononi mahali pamoja, yakatambaa, yakatokea mbali kabisa na yalikoanzia.

Kwa ndege zinazojificha kwenye rada, kama F-22, ngozi yenyewe ni kazi. Ili kufikia nati iliyo chini ya kibati, fundi anakwangua kwanza rangi nzito inayomeza mawimbi ya rada. Akimaliza shughuli ya dakika chache anaipaka upya, anasubiri ikauke, anapima. Muda mwingi unakwenda kwenye kufungua na kufunga, na kilichokuwa chini ya kibati huenda kilikuwa kizima tangu mwanzo.

Atakayesema basi kisicho na ubovu kiachwe, nitamkumbusha tarehe 2 Novemba 2007. Katika anga la jimbo la Missouri, Marekani, F-15C iliyokuwa kwenye mazoezi ilikatika vipande viwili nyuma tu ya chumba cha rubani. Rubani aliokoka. Boriti moja ya chuma inayopita kwa urefu wa kiunzi ilikuwa imetengenezwa nyembamba kuliko mchoro ulivyoagiza (hapo, naam, kutengeneza kwa maana ya kuunda), na ufa ulikuwa umekua ndani yake kimyakimya kwa miaka. Asubuhi ile ndege iliruka bila kulalamika. Ndege za aina hiyo zikazuiwa kuruka, zikakaguliwa moja baada ya nyingine, na nyufa zikapatikana katika nyingine kadhaa zilizokuwa zikionekana nzima. Kule kukagua ndiko kutengeneza kwa maana yake ya asili: kuhakikisha kitu kimetengenea, badala ya kukisubiri kivunjike. Kenya imerusha F-5 tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na ndege yenye umri huo haibaki angani kwa ukarabati peke yake.

Nirudi kwa mzee wetu, kwa sababu takwimu yake haikuwa ya uongo. Mwaka 2023 ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ilisema kwamba mwezi Machi F-35 zilizokuwa tayari kwa kazi zilikuwa asilimia 55 hivi. Lakini ripoti ile ilitaja uhaba wa vipuri na karakana zilizochelewa kujengwa, huku maelfu ya vipuri vikiwa vimepanga foleni kusubiri kukarabatiwa. Hiyo ni hali ya tatu, si matengenezo wala ubovu wa ndege zote hizo: ndege imekaa, na fundi aliye tayari hana cha kuifungia.

Kesho kahawa ikimiminwa nitamwambia taratibu: mzee, sema ndege zao nyingi zinasubiri vipuri, hapo nakuunga mkono kabisa. Ile iliyopandishwa kwenye jeki, kiti kimetolewa na vibati vimefunguliwa kwa sababu saa zake za kuruka zimetimia, hiyo ndiyo iliyo kwenye matengenezo, na jana yake huenda ilikuwa angani.