Kadio na vyuma vinapogongana: maana ya mwingiliano wa mazoezi

Mwingiliano wa mazoezi ni hali ambapo kadio (kukimbia, baiskeli, kuogelea) inapunguza nguvu ambazo mtu angepata kwa kunyanyua vyuma. Mwaka 1980 Robert Hickson, mtafiti wa Marekani, alilinganisha kwa wiki 10 watu wa vyuma tu, wa kadio tu na waliochanganya. Waliochanganya walipanda vizuri mpaka wiki ya 7 hivi, kisha nguvu zikakwama na mwishoni zikashuka. Ila miguu yao ilibeba vyuma siku 5 na kadio siku 6 kila wiki. Wanaoacha kadio kabisa kwa kuogopa matokeo hayo wanaunyima moyo haki yake bure.

Kwa wengi wetu tatizo ni uchovu unaohamia kwenye zoezi linalofuata. Ukikimbia kilomita 10 kwa kasi Jumatatu jioni, akiba ya wanga kwenye misuli inapungua, na kuijaza huchukua takriban saa 24 ukila vya kutosha. Jumanne asubuhi ukipiga skwati (kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na vyuma mabegani), uzito uliozoea kuurudia mara 8 unakugomea kwenye mara ya 5. Misuli imefanya kazi pungufu, kwa hiyo inajengeka pungufu.

Lengo likiwa nguvu, anza na vyuma, kadio ifuate. Ukiweza, ziachanishe kwa saa 6 au zaidi. Kadio kali isikae siku moja kabla ya skwati nzito. Baiskeli huumiza miguu kidogo kuliko kukimbia, kwa sababu haina kishindo cha kutua. Vyuma siku 3 na kadio siku 2 au 3 zinawatosha wengi, na sehemu kubwa ya kadio iwe ya mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima bila kuhema.

Misuli iliyofanyishwa kazi nzito ipe kama saa 48 za kupumzika. Lala saa 7 hadi 9, na protini ifike gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mapigo ya moyo ya asubuhi yakizidi ya kawaida kwa 5 hadi 10 kwa dakika siku kadhaa mfululizo, na vyuma ulivyovizoea vikawa vizito ghafla, usiongeze juhudi: punguza seti (mizunguko ya kurudia zoezi) kwa nusu kwa wiki moja, uzito wa vyuma uache karibu ulivyokuwa. Uchovu usipoisha hata baada ya hapo, muone daktari.