Mbwa wa kuokota ndege hafundishwi kuokota

Sisi hufundisha mbwa wa kuwinda, wanaowaletea wawindaji ndege waliopigwa bunduki. Watu hutuletea mtoto wa mbwa wa miezi minne na swali moja: lini ataanza kuleta ndege? Jibu letu huwakera kidogo. Kuokota amezaliwa nako. Mbwa wa aina ya Labrador na Golden Retriever wamechaguliwa kizazi hadi kizazi tangu karne ya 19 kwa tabia hiyo hiyo: kukimbilia kilichoanguka, kukibeba bila kukitafuna, na kukirudisha kwa mwenyewe. Kazi yako katika mwaka wa kwanza ni kutomharibia. Mbwa wengi tunaowapokea ili tuwarekebishe waliharibiwa na watu wanaowapenda sana, ila wenye haraka.

Mtoto wa mbwa huachana na mama yake akiwa na wiki 8 hivi. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 anajijengea picha ya dunia: alichokutana nacho katika siku hizo bila kutishwa atakiona cha kawaida, na asichokutana nacho huenda akakishuku hadi uzeeni. Kwa hiyo majani marefu, matope, gari linalounguruma, watu wenye kofia pana na harufu ya manyoya ya ndege visisubiri akue. Tatizo ni kwamba chanjo zake za parvo na distempa, magonjwa yanayoua watoto wa mbwa, zinakuwa hazijakamilika, maana hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka afikishe wiki 16 hivi. Usimfungie ndani kwa sababu hiyo. Mbebe, mwoneshe dunia akiwa mikononi mwako, na umshushe tu mahali wasikopita mbwa usiowajua. Mengine daktari wa mifugo atakuelekeza.

Somo la kwanza la kuokota lifanyie kwenye korido nyembamba, milango yote ikiwa imefungwa. Keti sakafuni upande mmoja. Chukua soksi kuukuu, ifunge fundo, itikise mbele ya pua yake mpaka macho yasiweze kuiacha, kisha itupe hatua tatu nne. Atakimbia. Ataidaka, atageuka, na hatakuwa na njia nyingine ila ile inayofika kwako. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wananyoosha mkono na kuinyakua soksi. Mbwa aliyepokonywa mara tatu, ya nne hasogei tena. Atasimama mbali akikutazama kwa pembe ya jicho. Mpokee yeye kwanza. Mkune kifuani, mwache ajidai na mzigo wake, mkia ukigonga ukuta huku na huku, ndipo uweke kiganja chini ya kidevu na usubiri auachie. Fanya hivyo mara mbili, zikizidi tatu, halafu ifiche soksi angali anaitaka. Mara ya kumi haimfundishi kitu zaidi ya kuchoka.

Akitoroka nayo, usimfukuze. Mpe mgongo, ondoka, au chuchumaa ukitazama kwingine, udadisi utamleta. Ukimfukuza hata mara moja umemwonjesha mchezo mtamu kuliko wote, na utaulipia siku atakapozunguka na bata mdomoni mita hamsini kutoka ulipo. Kuvutana naye kamba au kitambaa nako tunakukataza, ingawa watoto nyumbani hawatakubali kirahisi. Mbwa aliyezoea kung'ang'ania huja kuleta ndege aliyepondwa mbavu.

Kati ya miezi 4 na 6 meno ya utoto hung'oka na fizi huuma. Sitisha kurusha vitu kwa muda, asije akahusisha kuokota na maumivu. Wakati huo ni mzuri kwa filimbi. Wengi hutumia mlio mmoja mrefu kwa kukaa, na milio mifupi mfululizo kwa kurudi. Anza na kurudi, wakati wa chakula: mtu mmoja amshike, wewe weka sahani chini, piga milio mifupi, aachiliwe. Baada ya wiki moja ya hivyo, mlio huo utakuwa na utamu wake wenyewe. Sababu ya kuipendelea filimbi ni kwamba haina hasira. Sauti yako ya leo si ya jana, na mbwa anasikia kila tofauti. Filimbi ni ile ile, umelala vizuri au hukulala.

Kutulia, yaani kutosogea mpaka atumwe, kusiwe kamba ya kumnyonga mapema. Wahenga wanasema samaki mkunje angali mbichi, lakini tumeona wengi wakikunja mpaka wanavunja: mtoto wa miezi mitano anayekemewa kila akitaka kukimbia, mwishowe hataki tena. Mshike kifuani kwa upole sekunde mbili, kisha mwachie. Akishapita miezi sita au saba na hamu yake iko imara, anza kuviokota mwenyewe karibu nusu ya vitu unavyorusha, naye akae akitazama. Polepole ataelewa kwamba si kila kinachoanguka ni chake.

Bunduki ndiyo inayotunyima usingizi. Tuliwahi kuletewa dume la miezi tisa, zuri, lenye pua kali. Mwenyewe alikuwa amelichukua siku moja akaungana na wenzake, na kabla halijajua liko wapi, bunduki tatu zikapigwa juu ya kichwa chake. Lilipofika kwetu, mlango wa gari ukibamizwa tu lilijikunyata chini ya meza likitetemeka. Ilituchukua miezi minne mpaka likaweza kula kukiwa na kelele ya kawaida uani. Kwenye uwindaji halijarudi. Wanaosema "atazoea tu" wanapaswa kujua kwamba hofu ya mlio kwa mbwa mara nyingi haipungui kwa kurudiwa, huongezeka.

Njia salama ni ya taratibu sana. Mwenzako asimame mita 100 au zaidi, agonge mbao mbili, na agonge wakati ule tu mbwa anapokimbilia kitu ulichorusha, akili yake yote ikiwa huko. Wewe tazama masikio na mkia. Akigeuza kichwa kidogo na kuendelea, vyema. Akisita, au mkia ukishuka, umbali ule bado ni mdogo. Siku nyingine anzeni mbali maradufu. Sogea karibu kwa wiki, si kwa dakika, na bunduki halisi ije mwisho kabisa, nayo ikianzia mbali. Hata mbwa mzoefu usimpigie juu ya kichwa: mlio wa bunduki ya marisau unazidi desibeli 140 na huumiza masikio, yake na yako.

Kwenye maji, kosa ni moja tu, kumtupa. Tafuta ukingo wenye mteremko mdogo na maji yasiyo baridi, uingie wewe kwanza.

Ndege nao wana utaratibu wao. Funga bawa kavu kwenye kifurushi cha mazoezi, yaani kile kinachorushwa badala ya ndege, ili azoee manyoya mdomoni, kisha mpe ndege mfu aliyekwisha kupoa, mzima asiyechanika. Ndege aliyejeruhiwa, anayepigapiga mabawa na kukwaruza, asiwe wa kwanza kamwe. Anaweza kumtisha mtoto, au kumfundisha kubana meno.

Mifupa yake inakua mpaka miezi 12, hata 18, kwa hiyo asirukishwe kutoka kwenye gari la juu wala kukimbizwa nyuma ya baiskeli. Na mchunge na joto. Mbwa hujipoza hasa kwa kuhema, na Labrador hana akili ya kusimama mwenyewe. Ataokota mpaka aanguke. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39, likifika 41 maisha yake yamo hatarini. Ulimi ukitanuka kama kijiko, mate yakawa mazito, hatua zikayumba, basi kazi imekwisha: kivulini, mmwagie maji mwili mzima, na safari ya kwa daktari ianze.

Wengi huwa tayari kwa uwindaji wa kweli wakikaribia mwaka mmoja na nusu. Siku hiyo ya kwanza, ukiwa na kibali na majira yakiruhusu, bunduki mwachie mwingine. Wewe kaa na mbwa, mkono kifuani kwake, umtazame anavyotazama angani. Ndege wa kwanza akianguka mahali peupe, mtume. Akirudi naye, piga goti, mkune kabla hujamgusa ndege. Akishaleta wawili watatu, mrudishe garini, hata kama wenzako ndio kwanza wanaanza.