Kesi ya Madai Haina Mtu wa Kutiwa Hatiani

Kesi ya madai ni shauri ambalo mtu anamfikisha mwenzake mahakamani akitafuta haki yake, iwe deni, fidia au amri ya zuio. Kesi ya jinai ni ile ambayo dola inamshtaki mtu kwa kosa ambalo sheria imeliwekea adhabu. Hayo wengi wanayajua. Kinachonikera ni kwamba kesi ikishatengenezewa filamu, tofauti hiyo husahaulika, na kila anayelalamikiwa huitwa mshtakiwa.

Hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni, nimesikia mara nyingi mno filamu ya Denial ya mwaka 2016 ikisimuliwa kuwa ni habari ya mwanamke aliyeshtakiwa, kisha akaonekana hana hatia. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 1996 mwandishi Mwingereza, David Irving, alifungua shauri jijini London akidai kwamba Deborah Lipstadt, profesa wa Marekani, pamoja na wachapishaji wa kitabu chake, walimkashifu kwa kumtaja kuwa mtu anayekanusha mauaji ya kimbari ya Wayahudi. Irving alikuwa mdai, Lipstadt mdaiwa, na Serikali ya Uingereza haikuwa na upande humo.

Naelewa kwa nini watazamaji hupotea. Irving hakuweka wakili, kwa hiyo ni yeye anayesimama na kuwabana mashahidi kwa maswali, ilhali Lipstadt, kwa ushauri wa mawakili wake, anakaa kimya kesi nzima bila kutoa ushahidi. Aliyezoea kesi za wizi na mauaji atadhani anamwona mwendesha mashtaka na mtuhumiwa wake. Zaidi ya hapo, sheria ya kashfa ya Uingereza ilimtwisha mdaiwa mzigo wa kuthibitisha kuwa aliyoyaandika ni kweli, jambo linalofanana sana na mtu kulazimishwa kujisafisha. Hata hivyo mzigo huo ulipimwa kwa mizani ya uwezekano, yaani upande upi una ushahidi mzito zaidi, na si kwa kiwango cha jinai kinachotaka kosa lithibitishwe pasipo kuacha shaka ya msingi. Kipimo hicho cha madai ndicho kinachotumika hata katika mahakama zetu.

Aprili 2000 Jaji Charles Gray aliyatupilia mbali madai ya Irving. Hakuna aliyekwenda jela. Irving alibaki na mzigo wa gharama za kesi, na mwaka 2002 akatangazwa muflisi. Wapo wanaoshikilia kwamba alifungwa kwa kushindwa na Lipstadt, na hawa wanachanganya kesi mbili: mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu jijini Vienna, kwa sababu nchini Austria kukanusha mauaji hayo ni jinai, na aliyemshtaki huko ni dola.

Karani wa mahakama akiita “Jamhuri dhidi ya fulani”, hapo pana mshtakiwa, na neno hatia lina mahali pake. Kwa filamu hii, ndugu zangu, tuseme tu kwamba mdai alishindwa, na mdaiwa akashinda.