Mchaichai wa Nyumbani: Kuitunza Harufu Yake Bustanini na Jikoni

Katika kazi yangu ya ubwana shamba mjini Tanga, mmea ambao akina mama huniulizia kuliko yote si nyanya wala mchicha, bali ni mchaichai, na swali huwa ni lile lile: mbona wangu haunukii kama zamani?

Harufu ya mchaichai hutokana na mafuta yaliyomo ndani ya majani na mashina yake. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni sitrali, ambayo imo pia katika maganda ya malimau, na ndiyo sababu mimea hii miwili isiyo na udugu wowote hunukia kwa kukaribiana. Mafuta hayo ni mepesi, hupanda pamoja na mvuke na kupotea hewani, kwa hiyo anayepanda mchaichai na anayeupika wana kazi moja, nayo ni kuyalinda.

Mama mmoja aliniita nyumbani kwake akanionyesha kichaka kilichosongamana ukutani, karibu na karo. "Huu wangu umechoka, mwanangu," aliniambia. Tulipokichimbua tulikuta katikati mmejaa mashina makavu, meusi, yaliyokufa kwa kukosa mwanga na nafasi, ilhali yaliyo hai yalikuwa membamba kama kalamu na yamesukumwa pembeni. Tulikipasua kwa panga, tukachagua mashina manene yenye mizizi, tukayapunguza majani hadi kimo cha shibiri moja ili yasipoteze maji, kisha tukayapanda upya kwenye jua. Mchaichai ukiachwa zaidi ya miaka mitatu bila kugawanywa hujisonga wenyewe, na hakuna mbolea itakayouponya.

Mmea huu hutoa maua kwa nadra sana, kwa hiyo usihangaike kutafuta mbegu. Omba mashina kwa jirani, au nunua sokoni yale ambayo kitako chake hakijakatwa, uyasimamishe kwenye glasi yenye maji kidogo na kubadilisha maji hayo kila siku mpaka mizizi itokeze. Chunguza rangi ya shina kabla ya kupanda, kwa maana yuko ndugu yake anayefanana naye sana, ambaye mafuta yake hutumika kufukuzia mbu: huyo mashina yake yana wekundu kwenye kitako, na ladha yake haifai chunguni. Wa chai huwa na kitako cheupe kinachoingia ukijani.

Anayeishi kwenye nyumba ya kupanga anaweza kuupanda ndani ya ndoo ya lita 20, mradi aitoboe matundu chini. Mimi mwenyewe nimewahi kupoteza miche mizuri wakati wa masika kwa kupanda kwenye ndoo yenye matundu machache mno. Maji yalituama na vitako vikaoza. Changanya udongo, samadi iliyooza vizuri na mchanga kiasi, uweke ndoo mahali panapopata jua kwa saa sita au zaidi, kwa kuwa mchaichai wa kivulini hurefuka lakini hunukia kidogo. Bustanini, acha nafasi ya sentimita 60 hadi 90 kati ya shina na shina. Mvua zikizidi, majani huweza kupata madoa ya rangi ya kutu. Kata yaliyoathirika uyatupe mbali, upunguze msongamano ili hewa ipite.

Baada ya miezi minne hadi sita unaweza kuanza kuvuna. Majani ya nje yakate kwa kisu kikali, huku ukijihadhari na kingo zake zinazochana vidole. Ukihitaji shina, lishike chini kabisa, lipinde kuelekea nje na kulinyofoa pamoja na kitako, kwa sababu utamu wa mapishi umo katika sentimita kumi na tano za chini.

Majani ni ya chai, shina ni la chungu. Kwa lita moja ya maji, chukua majani mabichi manne au matano, yafunge fundo, yatie maji yakiwa yanachemka, funika, na baada ya dakika tano epua bila kufunua ili yaendelee kutoa harufu kwa dakika kumi nyingine. Wanaoyaacha yatokote nusu saa huku sufuria i wazi hunukisha jiko zima, na kikombe hubaki na uchungu wa majani.

Kwa samaki wa nazi, ninapenda kutumia mashina mawili. Yamenye magamba ya nje, yagonge kwa mchi mpaka yapasuke bila kukatika, kisha yatie kwenye tui jepesi pamoja na kitunguu thomu, tangawizi, bizari ya manjano na pilipili nzima. Samaki, tuseme changu, akikaribia kuiva humo, mimina tui zito, koroga taratibu lisikatike, na kamulia ndimu baada ya kuepua. Mashina yatoe kabla ya kupakua, kwani nyuzi zake hazitafuniki. Yaliyobaki mabichi yafunge kwenye mfuko uyagandishe kwenye friza. Hukaa miezi kadhaa, na si lazima uyayeyushe kabla ya kuyatia chunguni.