Irabu zinajipangaje bila mpangaji?

Lugha za irabu tano ni nyingi kuliko za idadi nyingine yoyote, na mara nyingi tano hizo ni i, e, a, o, u, kama za Kiswahili. Hakuna baraza lililokaa kuziamua. Mwaka 1972 watafiti wa sauti za lugha Liljencrants na Lindblom walionyesha kwa hesabu kwamba irabu zikitenganishwa mbali kadiri inavyowezekana, hutokea mipangilio inayokaribiana na ya lugha halisi. Lakini pale hesabu yenyewe ndiyo iliyotafuta umbali. Msemaji hatafuti umbali, anataka kueleweka tu. Ndiyo maana naupenda zaidi mchezo wa kuigana wa kompyuta aliouunda mtafiti Bart de Boer mwishoni mwa miaka ya 1990.

Chukua wasemaji 20 wa kompyuta wasio na irabu hata moja. Kila mmoja ana ulimi (mbele au nyuma, juu au chini), midomo (mviringo au la), sikio na kumbukumbu. Wawili huteuliwa kwa bahati nasibu. Wa kwanza anatamka irabu yake (akiwa hana, hubuni moja ya kubahatisha), na kelele kidogo inaipotosha njiani. Wa pili anailinganisha na zake, anachagua iliyo karibu zaidi, anaitamka. Wa kwanza akiisikia kuwa ileile aliyoanza nayo, wamefaulu, na mwigaji anaisogeza yake kidogo kuelekea alichosikia. Wasipofaulu, mwigaji huangalia rekodi ya irabu hiyo: kama kwa kawaida hufaulu, huenda mwenzake ana irabu mbili pale yeye alipo na moja, basi anaongeza mpya, kama hufeli mara kwa mara, anaisogeza. Zinazofeli sana hutupwa, zilizokaribiana mno huunganishwa.

Kosa la kwanza la wanaoanza kuutengeneza mchezo huu ni kusahau kuingiza irabu mpya za kubahatisha mara mojamoja. Kundi hutulia na irabu moja na kufaulu asilimia 100. Ukiwa na irabu moja utakoseaje? Kelele nayo si adui. Iongeze, irabu zinapungua na kutawanyika. Iondoe kabisa, zinarundikana, kwa sababu hata tofauti ndogo kabisa inasikika.

Kosa baya zaidi ni kupima umbali kati ya irabu kwa hezi (mitetemo ya sauti kwa sekunde). Sikio halisikii hivyo. Kutoka hezi 250 hadi 500 ni takriban baki 2.4 (baki ni kipimo kinachofuata usikivu wa sikio), ilhali kutoka 2250 hadi 2500 ni kama 0.7 tu. Ukitumia hezi, tofauti za mbele na nyuma ya kinywa, zinazosikika kwenye hezi za juu, hukuzwa kupita kiasi na zile za juu na chini, zinazosikika kwenye hezi za chini, humezwa. Irabu hujipanga upande usio wake, nawe utailaumu kanuni ya mchezo bure.

Mbegu ya nasibu (namba inayoanzisha bahati nasibu ya kompyuta) ikibadilika, matokeo nayo hubadilika: safari moja irabu tano, nyingine sita au nne. Usichague iliyokupendeza. Endesha mchezo mara nyingi, uhesabu ni mpangilio upi unaojirudia.