Kifundo kinachoteguka mara ya tatu

"Daktari, mguu huu wamenifanyia kitu." Ndivyo alivyoanza kijana wa boda aliyeingia chumbani kwangu hapa Arua, Uganda, miezi miwili iliyopita. Kifundo kile kile cha kushoto kilikuwa kimeteguka mara ya tatu ndani ya mwaka. Mara ya kwanza alikuwa anacheza mpira kwenye uwanja wa maramu. Ya pili alikanyaga ukingo wa mtaro usiku. Ya tatu ndiyo iliyomtisha: alikuwa amesimamisha pikipiki tu, magunia mawili ya mihogo nyuma, akashusha mguu chini, mguu ukajikunja kana kwamba si wake.

Nilimwambia avue viatu, asimame kwa mguu wa kulia peke yake na kufumba macho. Nikahesabu mpaka ishirini na tano, nikamwambia basi, badilisha. Kwa ule wa kushoto sikufika nne. Alikuwa ameshakamata ukingo wa kitanda, na zile kano za juu ya unyayo zinarukaruka kama nyuzi za adungu, kinubi cha huku kwetu, harusini. Uvimbe ulikuwa mdogo, maumivu ya kuvumilika. Lakini mguu ule ulikuwa umepoteza kitu ambacho hakionekani kwenye picha ya eksirei.

Watu hapa husema "mshipa umeruka." Hakuna mshipa ulioruka. Kinachoumia ni ligamenti, yaani zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. (Wengine huziita kano. Mimi neno hilo nimeliwekea zinazofunga msuli kwa mfupa, maana nikichanganya nachanganyikiwa mwenyewe.) Upande wa nje wa kifundo ziko tatu, na ile ya mbele ndiyo nyonge kuliko zote. Unyayo ukigeukia ndani ghafla, hiyo ndiyo hutangulia kuchanika. Kuna wakati huvutika tu, kuna wakati huchanika nusu, na kuna wakati hukatika kabisa.

Lakini ligamenti si kamba tupu. Ndani yake mna ncha za neva zinazouarifu ubongo kila wakati kifundo kimelala pembe gani, ili misuli ikaze kabla hujaanguka. Ikichanika, taarifa hizo nazo huharibika. Mwaka 1965 daktari wa mifupa wa Uingereza aitwaye Freeman pamoja na wenzake waliandika kuhusu vifundo vya namna hii, vinavyomsaliti mtu mara kwa mara, na wakaonyesha kwamba mazoezi ya kusimama juu ya ubao unaoyumba husaidia. Miaka sitini imepita, na bado wagonjwa wengi huondoka na vidonge na bandeji tu.

Siku mbili tatu za mwanzo najua zinavyokwenda kwetu: maji moto, chumvi, na mtu mwenye vidole vya chuma anakukanda mpaka utokwe machozi. Bibi yangu alinikanda hivyo hivyo, na sina la kumlaumu. Ila wakati huo damu bado inavuja ndani. Joto na kusugua kwa nguvu huongeza uvimbe. Funga bandeji ya kuvutika, inua mguu juu ya mito, na ukitaka ubaridi uweke dakika kumi au kumi na tano kwa ajili ya maumivu. Usihangaike kutafuta barafu mji mzima umeme ukiwa umekatika. Kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungini kinatosha. Hata daktari wa Marekani aliyeeneza habari ya barafu mwaka 1978, Gabe Mirkin, alikuja kusema mwaka 2014 kwamba inaweza kuchelewesha kupona.

Je, umevunjika? Mimi hubonyeza mfupa wenyewe kwenye sentimita sita za mwisho za muundi, nyuma ya kifundo, nje na ndani, kisha kile kinundu cha ubavu wa nje wa unyayo, na mfupa wa juu ya unyayo upande wa ndani. Mahali hapo pakiuma, au mtu akishindwa kupiga hatua nne, naandika eksirei. La sivyo, hela yake ibaki mfukoni. Kijana wangu hakubahatika kubonyezwa. Mara ya kwanza alipoumia, kliniki moja ilimfunga plasta wiki sita bila hata kumwambia atembee. Ligamenti iliyokatika vibaya hufaidika na kutulizwa siku kama kumi hivi. Wiki sita kwa mtu ambaye hajavunjika zilimwachia muundi mwembamba na kifundo kikavu.

Nilimtuma nje akalete ule mpira wa kufungia mizigo, uliochanwa kutoka tairi la ndani. Alidhani natania. Tukafunga ncha moja kwenye mguu wa kitanda, nyingine ikazunguka unyayo wake. Anausukuma unyayo kwenda nje, anahesabu tatu, anaurudisha polepole. Mara kumi na tano, mizunguko mitatu. Kurudisha polepole ndiko kazi yenyewe, na ndiko kila mtu anakokimbilia kumaliza. Pamoja na hilo, kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki asubuhi na jioni. Ukizoea, fumba macho. Ukizoea tena, panda juu ya godoro lililokunjwa. Magunia tuliyapumzisha wiki mbili, abiria akaruhusiwa kifundo kikiwa kimefungwa, kwa sababu pikipiki si yake na mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila jioni.

Wiki ya tatu alinipigia simu: haumwi tena, aache? Hapana. Nyuzi mpya huhitaji wiki sita hivi kushikana, na huendelea kukomaa hata mwaka mzima. Mpirani atarudi siku atakapoinua kisigino kwa mguu mmoja mara ishirini na zaidi, sawa na ule mzima, na kurukia kando bila kusitasita.

Alirudi Jumanne. Anasema wenzake wa stendi humkuta kasimama mguu mmoja akisubiri abiria, wamembandika jina la Korongo. Nikamfumbisha macho, nikahesabu. Kumi na saba.

"Kesho kutwa ishirini," akasema, akaanza kutafuta soksi yake.