Serikali si "siri kali": maneno ya utawala tunayoyachanganya

Hapa Nairobi, ndani ya matatu na kwenye vibaraza vya maduka, husemwa kwa uhakika mkubwa kwamba neno "serikali" limetokana na "siri" na "kali". Si kweli. Neno hilo lilitufikia kutoka Kiajemi, ambamo "sar" ni kichwa na "kar" ni kazi, na sarkar alikuwa mkuu au msimamizi wa shughuli. Nimeanza na dhana hii kwa sababu naiona kuwa yenye madhara kuliko zote: anayeamini kwamba usiri umo ndani ya jina lenyewe huacha kuuliza, ilhali Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma itoe uamuzi kuhusu ombi lake ndani ya siku 21.

Wengi pia huitaja serikali kana kwamba ni moja tu. Tangu uchaguzi wa mwaka 2013 tumekuwa na ngazi mbili, yaani serikali ya kitaifa na serikali za kaunti 47, na Kifungu cha 6 kinasema kwamba ngazi hizo ni tofauti na zinategemeana, kwa hiyo gavana si mfanyakazi wa Rais. Mimi mwenyewe nilijifunza hayo kwa gharama. Bomba la maji taka lilipopasuka nyuma ya ploti yetu, nilimwandikia mbunge barua ya kurasa mbili, nikaipeleka kwa mkono, nikangoja mwezi mzima huku watoto wakiruka matofali tuliyoyapanga ili kufika langoni. Barua ilirudi ikiwa na maneno mawili ya penseli pembeni: "Si yetu." Aliyeandika alisema kweli, ingawa angeweza kusema mapema. Jedwali la Nne la Katiba limeziachia kaunti huduma za maji na usafi wa mazingira, uzoaji wa taka, zahanati na shule za chekechea. Polisi pamoja na shule za msingi na za upili zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Mbunge hutunga sheria, huwakilisha watu wake na huikagua serikali ya kitaifa. Anayeikagua serikali ya kaunti kila siku ni mwakilishi wadi, ambaye wazee wetu bado humwita diwani, na Nairobi ina wadi 85.

Vyeo navyo hupotosha. Kamishna wa kaunti, licha ya jina lake, hayuko chini ya gavana, kwani ni afisa wa serikali ya kitaifa, sawa na chifu. Katika baraza la mtaani kwetu, mzee mmoja alisimama akamwambia chifu, "Sisi ndio tuliokuchagua, mbona taka zinatuzika?" Watu walimpigia makofi. Lakini chifu huajiriwa, hapigiwi kura, na taka hazimo katika majukumu yake. Mama Kaunti naye hudhaniwa kuwa ni mke wa gavana au mjumbe wa bunge la kaunti, hali yeye ni mbunge kamili katika Bunge la Taifa, mmoja wa wanawake 47 waliochaguliwa na kaunti nzima.

Mwisho ni mswada na sheria, maneno ambayo hata watangazaji huyabadilishana. Mswada ni pendekezo hadi upitishwe na Bunge na Rais autie sahihi. Akiwa na pingamizi, huurudisha ndani ya siku 14, na Bunge laweza kumshinda kwa thuluthi mbili ya kura. Ndiyo sababu si sahihi kusema kwamba "Sheria ya Fedha ya 2024" ilifutwa baada ya maandamano ya Juni mwaka huo. Bunge la Taifa liliupitisha Mswada wa Fedha tarehe 25, Rais akatangaza siku iliyofuata kwamba hatautia sahihi, na hivyo haukuwahi kuwa sheria hata kwa siku moja.